Tundu la Saizi ya Sahani

Hema lilikufa kidogo kidogo, kama mtu mzima afavyo:
kwanza zipu, kisha pembe ya kusini,
kisha masika yale yaliyotuamsha tukielea na godoro.
Kindamba akashona, akapaka nta,
akashona juu ya mshono.
Miaka kumi na tisa tumelifuata ua la mtondoro
kutoka Mihumo hadi huku ndani ya Angai,
tukilala chini, sikio juu ya ardhi.
Lakini aliyesalimu amri si hema. Ni magoti yangu.

Tela tulilinunua mnadani, Nachingwea.
Waliolala humo kabla yetu walikuwa wajenga barabara;
wameacha kalenda, jina la Zubeda kwa msumari,
na hesabu ya siku
ambayo mtu aliikatisha kwenye arobaini na moja.
Trekta la Ngwinde likalivuta siku mbili,
likizama mchangani, likipumzika,
na sisi nyuma yake kwa miguu, kama wafiwa.

Usiku wa kwanza nililala kitandani
na magoti yakasahau kunidai.
Kindamba hakulala.
"Kimya mno," akasema.
Sikumwelewa. Mvua ilikuwa inapiga bati
kama mtu anayepepeta kokoto.
"Ndiyo. Lakini nyuma ya mvua hakuna kitu."

Ni kweli. Hemani tulijua nani anapita.
Tembo tulimjua kwa tumbo lake, maana miguu yake haisemi.
Komba akilia, tulijua tawi.
Siafu walipokuja, turubai lilinong'ona mapema;
tukatoka na blanketi, tukawapisha,
tukarudi kulala katika nyumba iliyofagiliwa.
Mwezi ulipomchora jongoo ukutani
nilimhesabu miguu hadi usingizi.
Alfajiri, umande ulikuwa ndani, kwenye nyusi zetu.

Bati halina nyusi.
Bati linajua maneno mawili, joto na baridi,
na yote mawili hulisema kwa kupayuka.

Siku ya tatu akachukua patasi na nyundo,
akajilaza, akaweka alama sikio lilipo,
akatoboa tela letu tundu la saizi ya sahani.
Nikapiga yowe. Milioni mbili na nusu, Kindamba, za mkopo!
Nyoka ataingia! Mvua itaingia!
"Na iingie," akasema. "Nimeialika."

Nikanuna mchana kutwa.
Kisha nikalichukua lile hema, nikalikata kwa kisu cha asali.
Upande uliokuwa mzima nikaufunga mlangoni uwe baraza,
na kipande kidogo nikakipigilia juu ya tundu, kama kope.
Ukikinusa bado kina moshi wa miaka ile,
na kina doa la usiku aliozaliwa Tindwa
kabla mkunga hajavuka mto.

Sasa usiku naamka, nayapanga magoti yangu,
nafunua kope.
Msitu unaingia mwembamba, kama maji shingoni mwa kibuyu,
lakini unaingia: harufu ya fisi, majani ya mninga,
kitu fulani kinachotafuna bila haraka.
Si sawa na zamani. Sitadanganya.
Kuna usiku nasikia baridi, nafunga.

Jana akaja nyuki mmoja, mpelelezi.
Akatembea ukingoni mwa tundu, mzunguko wa kwanza, wa pili,
akaingia, akakagua kalenda, sufuria, kitanda,
akakaa kidogo juu ya jina la Zubeda,
akatoka, akaning'inia hewani akitutazama.
Kindamba akaacha kutafuna muhogo.
"Amepapenda," akanong'ona.
"Au ametuhurumia," nikasema.

Ameruka kuelekea mtoni.
Hatujui, huko kwao,
amekwenda kuwachezea wenzake ngoma gani.